“Mnapumzika au mnalala?”



Ndugu msomaji, wiki hii naomba kuzungumzia jambo ambalo kwenye mimbari zetu halizungumzwi, na likizungumzwa huwa ni kwa kejeli. Nataka kuzungumzia gesti. Najua wapo watakaosema ustadh kaishiwa mada. Waseme. Jambo hili limenikuta mwenyewe, na wallahi nimejifunza humo yale ambayo nilikuwa nayasoma kitabuni kila siku bila kuyaona.

Mimi ni mkazi wa Mlali. Nakusudia Mlali hii yetu ya Wilaya ya Kongwa, mkoani Dodoma, siyo ile ya Mvomero, mkoani Morogoro, ambayo watu huichanganya na yetu. Ni mkulima wa mahindi na alizeti, na jioni nasomesha watoto madrasa. Katika ndoa nina miaka 19. Msimu uliopita, baada ya kuuza alizeti, mama watoto aliniambia neno ambalo lilinichoma. Alisema: “Baba, tangu umenioa hatujawahi kulala nje ya nyumba hii isipokuwa tunauguza au tunazika.”

Nilipiga hesabu kichwani nikitafuta safari moja ya kumpinga. Sikuipata. Mara zote tulizolala Dodoma mjini, ama kulikuwa na mgonjwa, ama kulikuwa na maiti. Mji ule mke wangu anaujua kwa wodi zake na makaburi yake. Basi nikasema, safari hii twende siku tatu, mgonjwa hatuna na msiba hatuna. Twende tukatembee tu, halafu turudi.

Lakini angalieni nilichokifanya. Jirani aliponiuliza naelekea wapi, nilimwambia nafuata dawa za mifugo. Waumini wa msikitini niliwaambia nina shughuli kidogo mjini. Mdogo wangu anayeishi Dodoma sikumwambia kabisa. Niliona aibu. Ustadh mzima, mwenye mvi, atasemaje kwamba anampeleka mkewe mjini kutembea?

Kwa nini gesti, na si kwa ndugu?

Hapa pana swali la haki. Sisi tumelelewa kwamba mwenye ndugu mjini halali gesti. Kulala gesti ilhali ndugu yupo ni kumtukana. Naam, kukirimu mgeni ni katika imani, na hilo halina mjadala. Ila tuangalie upande wa pili wa hadithi ileile. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba haki ya mgeni ni siku tatu, na baada ya hapo ni sadaka, kisha akamkataza mgeni kukaa kwa mwenyeji wake mpaka akamtia katika dhiki. Sehemu ya kwanza tunaihifadhi sana. Ya mwisho wengi wetu tunaipita haraka.

Mdogo wangu ana mke na watoto wanne katika vyumba viwili vya kupanga. Tukienda sisi, yeye na mkewe hulala sebuleni na watoto hupelekwa kwa majirani. Nao si peke yao. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, na mji ukapewa hadhi ya jiji mwaka 2018, watu wamemiminika. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu laki nne na kidogo katika manispaa ile. Sensa ya mwaka 2022 ikawakuta zaidi ya laki saba na nusu. Mwenye kupanga chumba leo anajua maana ya hesabu hiyo. Kumwendea mtu wa namna hiyo kwa ajili ya msiba ni udugu. Kumwendea kwa ajili ya matembezi yangu, akalale chini ili mimi nitazame mji, niliona ni dhuluma. Kwa hiyo nia ya kulala gesti ilikuwa njema. Ubaya ulikuwa kwenye kuificha.

Swali mapokezini

Tulipita Mbande, tukapita Chamwino, tukashuka stendi kuu ya Nzuguni, tukapanda daladala mpaka katikati ya mji. Tukatafuta gesti ya kulingana na mfuko wetu, tukapata ya shilingi elfu ishirini kwa usiku. Jina lake silitaji na mtaa wake siutaji, maana kusudi langu ni nasaha. Tulipoingia mapokezini tulifurahi. Ukutani palikuwa na kibao cha Bismillahi kilichoandikwa kwa hati nzuri, na pembeni yake picha kubwa ya Al-Kaaba. Nikamwambia mama watoto, Alhamdulillahi, tumefika kwa ndugu zetu.

Nyuma ya kaunta alikaa binti wa miaka ishirini hivi. Alituamkia kwa adabu, “Shikamoo shehe, shikamoo mama,” tukamwitikia. Kisha akauliza swali ambalo dhahiri analiuliza mara nyingi kwa siku:

“Mnapumzika au mnalala?”

Nikamjibu kwa moyo mweupe: “Tumekuja kupumzika, binti yangu.”

Akasema: “Kupumzika ni elfu kumi, saa mbili. Mkizidisha mnaongeza.”

Mke wangu alifahamu kabla yangu. Nilimwona akiuvuta mtandio wake mpaka karibu na macho. Mimi ndipo nikafahamu, na masikio yakanipata moto. Nikasema kwa sauti ya ukali ambayo binti wa watu hakuistahili: “Tunalala! Huyu ni mke wangu!” Binti akainamisha kichwa, akanisogezea kitabu cha wageni.

Waliowahi kulala gesti wanakijua kitabu hicho. Jina, kabila, kazi, utokako, uendako, sababu ya safari, saini. Nilipofika kwenye kazi niliandika “mkulima”, nikaacha kuandika kwamba ni mwalimu wa madrasa. Nilipofika kwenye sababu ya safari, mkono wangu ukaandika “matibabu”.

Tulipofunga mlango wa chumba, mke wangu alikaa kitandani, akanyamaza kwa muda, kisha akaniuliza: “Baba, nani mgonjwa?”

Sikuwa na jibu.

Gesti imo katika Qur’an

Ndugu zangu katika imani, katika Suratun-Nuur kuanzia aya ya 27, Allah (s.w.) anatufundisha adabu za kuingia nyumba za watu. Tusiingie mpaka tupige hodi na tutoe salamu, na tukiambiwa turudi, turudi. Aya hizi watoto wetu wa madrasa wanazisoma. Sasa tazameni aya ya 29 inayofuatia. Humo Allah (s.w.) anatujulisha kwamba hatuna kosa kuingia katika nyumba zisizokuwa makazi ya watu maalumu, ambazo ndani yake mna manufaa yetu. Baadhi ya wafasiri wa mwanzo wa Qur’an, akiwemo Mujahid na Qatada, wamezieleza nyumba hizo kuwa ni zile zilizowekwa njiani kwa ajili ya wasafiri. Kwa lugha yetu ya leo, ni gesti.

Kwa hiyo gesti ina nafasi yake katika Kitabu, wala si kwa kulaaniwa, bali kwa kuruhusiwa. Ila aya hiyohiyo haimaliziki hapo. Inamalizia kwa kutukumbusha kwamba Allah anayajua tunayoyadhihirisha na tunayoyaficha. Na aya inayofuata, ya 30, inawaamrisha waumini wanaume wainamishe macho yao na wazihifadhi tupu zao, na ya 31 inawaamrisha wanawake vivyo hivyo.

Je, mpangilio huu umekuja hivihivi? Kwenye nyumba ya mtu kuna mwenyewe. Kuna mke wake, kuna watoto, kuna majirani wanaokujua. Hao wote wanakushika mkono usifanye ovyo. Kwenye gesti hakuna anayekujua, na jina lako unaandika upendalo. Mlango ukishafungwa umebaki wewe na Yule anayejua ulichokidhihirisha kitabuni na ulichokificha chumbani. Ndiyo maana nasema gesti ni mtihani wa taqwa kuliko msikiti. Msikitini wote tunaonekana wema.

Mtihani huo mimi niliuanguka pale kaunta, kwa neno moja. Sikufanya zinaa wala sikuiba shuka. Nilisema uongo kwa jambo la halali, kwa kuwaogopa watu wasionijua.

Matembezi na mke ni katika Sunna

Ilibidi nijiulize: aibu hii nimeitoa wapi? Katika dini sikuikuta. Mtume (s.a.w.) alipokuwa akisafiri alikuwa akipiga kura baina ya wake zake, na aliyetoka kura yake alifuatana naye. Mama Aisha (r.a.) mwenyewe amesimulia kwamba katika safari moja walishindana mbio na Mtume, akamshinda. Baadaye, alipokuwa amenenepa, wakashindana tena na Mtume akamshinda, akamwambia kwa mzaha kwamba hiyo ni malipo ya ile. Huyu ndiye kiongozi wa umma, mwenye vita na wahyi mabegani mwake, na anakimbizana na mkewe njiani.

Usiku ule gesti maji yalikuwa hayatoki bombani, jambo ambalo wenyeji wa Dodoma hawalishangai. Binti akatuletea ndoo mbili. Tulipokuwa tunagawana maji ya udhu nilimkumbusha mama watoto kisa cha mkufu. Mama Aisha alipoteza mkufu wake safarini, na Mtume (s.a.w.) akausimamisha msafara mzima utafutwe, mahali pasipo na maji. Watu wakalalamika kwa Abubakar (r.a.) kwamba binti yake amewakwamisha. Kulipopambazuka, Allah (s.w.) akateremsha aya ya kutayammamu. Rukhsa hiyo inayowafaa wagonjwa na wasafiri mpaka leo imetujia kwa sababu ya msafara uliosimama kumsubiri mwanamke na mkufu wake. Mke wangu alicheka. Akasema: “Kumbe na sisi tuna faida safarini.”

Na Mtume (s.a.w.) alimwambia Abdallah bin Amr (r.a.), aliyekuwa akifunga kila mchana na kuswali usiku kucha, kwamba mwili wake una haki juu yake, jicho lake lina haki, na mkewe ana haki. Sisi wengine hatufungi kila siku wala hatuswali usiku kucha, lakini haki ya mke tunaitupa vilevile, kisha tunaita huo uchamungu.

Binti wa mapokezi

Sasa nije kwenye lililoninyima usingizi. Kuta za gesti ile zilikuwa nyembamba. Tangu isha mpaka usiku wa manane milango ilikuwa ikifunguliwa na kufungwa. Sitayaeleza niliyoyasikia. Asubuhi kabla ya alfajiri nilitoka kuulizia kibla, maana chumbani hapakuwa na alama yoyote. Nilimkuta yuleyule binti yuko macho, amekaa na rundo la shuka chafu miguuni. Nikamwomba radhi kwa ukali wa jana. Nikamuuliza kibla.

Alininyooshea kidole bila kusita, upande wa kaskazini. Nikashangaa, nikamwambia, “Kumbe unakijua.” Akasema: “Nakijua shehe. Mimi ni wa Kondoa, nimekhitimu juzuu tano. Nilikuwa naswali. Hapa nimeacha.”

Nikamuuliza kwa nini. Akazitazama zile shuka. Akasema: “Hizi nazibadilisha mchana kutwa na usiku. Najiona sina twahara.”

Nikamuuliza kama wageni wote ni hao. Akanijibu: “Wa kulala kama ninyi ni wawili, watatu. Hawa wa kupumzika ndio wanaotulipa mshahara.” Nikamuuliza mwenye gesti. Akasema ni haji, huja kila jioni. “Kitabu hakitazami, anatazama hesabu.”

Hapo ndipo nilipofahamu kwa nini neno “kupumzika” limeharibika. Wenye kupumzika kwa halali tumejificha, na wenye kupumzika kwa haramu ndio waliobaki kaunta. Binti yule atajuaje maana nyingine?

Nasaha kwa wenye gesti

Ndugu yangu Muislamu mwenye nyumba ya wageni, sikuhukumu, nakunasihi. Biashara yako asili yake ni halali, tena ni ibada ukiitia nia. Ukimpangisha msafiri chumba, naye akaenda kumuasi Mola wake kwa siri bila wewe kujua, dhambi ni yake. Lakini ukiweka bei ya saa mbili, ukamfundisha mhudumu wako swali la kuuliza, ukahesabu jioni vichwa vya “kupumzika”, hapo huwezi kusema hukujua. Bei uliyoipanga inakushuhudia. Qur’an katika Suratul-Maida aya ya 2 imetuamrisha kusaidiana katika wema na taqwa na imetukataza kusaidiana katika dhambi na uadui. Kibao cha Bismillahi ukutani hakiigeuzi kodi ya zinaa kuwa rizki njema.

Na lipo jingine zito zaidi. Umechukua binti wa watu, aliyekhitimu juzuu tano, ukamweka mlangoni mwa maasi kwa mshahara mdogo, naye ameacha swala kwa kujiona mchafu kwa uchafu usio wake. Wewe umehiji, naye kaacha swala ndani ya nyumba yako. Siku ya hesabu, kitabu kitakachofunguliwa si hiki cha kaunta ambacho hukitazami.

Utasema, nikifuta bei ya saa mbili nitafunga biashara. Hofu hiyo naielewa, umeme na mishahara havingoji. Ila Dodoma ya leo ina wageni wa halali wengi. Kuna watumishi waliohamishwa, kuna wanaokuja wizarani na bungeni, kuna wanafunzi wa vyuo na wazazi wao, kuna wafanyabiashara, kuna wanaoshuka kwenye treni ya umeme iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024. Wengi wao wanatafuta mahali penye utulivu wanapoweza kulala na mke na watoto bila kuulizwa swali la aibu. Weka alama ya kibla chumbani, weka mswala safi na birika la udhu, funga mlango wa saa mbili. Wape muda watu wajue, kisha mtegemee Allah.

Tulikotoka

Wala tusidhani haya ni mapya kwetu. Khalifa Umar bin Abdul-Aziz, aliyetawala kuanzia mwaka 99 Hijria, alimwandikia gavana wake wa Samarkand ajenge nyumba za wasafiri, Muislamu apitaye akirimiwe mchana na usiku mmoja na mnyama wake ahudumiwe, na akiwa mgonjwa aongezewe. Ibn Battuta alipofika pwani yetu mwaka 1331 alikuta huko Mogadishu kwamba jahazi likitia nanga, vijana wa mji huliendea kwa mashua wakiwa na chakula, na kila mmoja humwambia mfanyabiashara mmojawapo kwamba huyu ni mgeni wake. Mgeni alipata mwenyeji kabla hajakanyaga nchi kavu.

Na huku bara kwetu, jirani zetu wa Mpwapwa walikuwa kituo cha misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji katika karne ya 19. Kongwa yenyewe katika miaka ya 1960 iliwapokea wapigania uhuru wa Msumbiji, Afrika Kusini, Namibia na kwingineko. Ndugu zetu Waislamu wenye asili ya Kihindi walipokuja na biashara zao walijenga musafirkhana katika miji mbalimbali, na mgeni wao alijua pa kulala. Kwa nini sisi, msikiti unapojengwa, tunafikiria fremu za maduka tu na hatufikirii vyumba vitano vya wasafiri? Msafiri, ibnus-sabil, ametajwa katika Qur’an miongoni mwa wanaostahiki zaka. Ijumaa ile tuliswali katika Msikiti wa Gaddafi, uliofunguliwa mwaka 2010, mkubwa na mzuri, Alhamdulillahi. Nilipotoka niliwaza wangapi katika safu zile wametoka vijijini, na wamelala wapi.

Mwanamke aliyeonekana na ustadh

Siku hiyo ya Ijumaa, tukiwa tunatoka gesti kwenda kuswali, tulipishana na mtu wa Mlali mlangoni. Alinitazama, akamtazama mwanamke aliyejitanda nyuma yangu, akaongeza mwendo. Sikumwita. Ningemwita.

Mnakikumbuka kisa cha mama Safiyya (r.a.). Alimtembelea Mtume (s.a.w.) katika itikafu usiku, naye akatoka kumsindikiza. Watu wawili wa Kiansari wakapita, wakaharakisha mwendo. Mtume akawasimamisha, akawaambia huyu ni Safiyya bint Huyay. Wakastaajabu, nani angemdhania Mtume vibaya? Akawaeleza kwamba shetani hutembea mwilini mwa mwanadamu kama damu, naye alichelea asije akawatia jambo mioyoni. Ikiwa Mtume (s.a.w.) alijieleza, mimi nani hata ninyamaze?

Tuliporudi Jumamosi jioni habari ilikuwa imetutangulia. Ustadh kaonekana akitoka gesti na mwanamke. Jirani mmoja alikuja kwa huruma kabisa kumpa pole mke wangu. Mke wangu akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza: “Alikuwa amevaa nini huyo mwanamke?” Akaambiwa, baibui jeusi na mtandio wa zambarau. Mke wangu akaingia ndani, akatoka na mtandio ule mkononi. “Basi ni huu hapa. Na zabibu alizoninunulia hizi, karibu.”

Walionidhania vibaya wana makosa yao mbele ya Allah, na Suratul-Hujurat aya ya 12 inawatosha. Ila nisipoisema na sehemu yangu nitakuwa sijaandika kitu. Jirani nilimwambia nafuata dawa za mifugo. Kitabuni niliandika matibabu. Mlangoni nilinyamaza. Uvumi ule nilishiriki kuupika. Laiti ningesema tangu mwanzo, kwa kinywa kipana, kwamba nampeleka mke wangu mjini kutembea, asingepatikana wa kusema. Halali ikifichwa huvaa nguo za haramu, na haramu nayo hupata mahali pa kujificha. Kijana aliye mlango wa pili na binti asiye wake anaingia gesti bila wasiwasi, kwa sababu tumeshakubali kwamba gesti ni yake yeye, si yetu.

Kitabu cha wageni

Kabla hatujaondoka asubuhi ile ya Jumamosi nilimwomba yule binti kitabu. Nikakata neno “matibabu”, na juu yake nikaandika “mapumziko na mke wangu”. Akasoma, akajizuia kucheka, akasema: “Shehe, hapo umeharibu zaidi.” Tukacheka wote watatu. Nikaandika tena: “Matembezi na mke wangu.” Na kwenye kazi nikaongeza: “Mwalimu wa madrasa.” Saini.

Mke wangu alikuwa na doti mpya ya kanga aliyoinunua Majengo. Aliichana, kipande kimoja akampa yule binti. Akamwambia: “Mwanangu, uchafu wa shuka unaufua kwa maji, haukufuati kwenye mswala. Hiki kiweke mbali na kazi, uswalie.” Binti alikipokea kwa mikono miwili, akakiweka chini ya kaunta, upande ule aliokuwa amenionesha kibla.

Ewe msomaji, ukiwa na uwezo, hata wa siku mbili, mchukue mkeo umpeleke mahali ambapo hakuna mgonjwa wala msiba, na aga majirani kwa ukweli. Ukifika, andika jina lako na kazi yako kama vilivyo, na uliza kibla kwa sauti, mwenye gesti asikie kwamba wageni wa namna hii wapo. Nawe uliye imamu au mjumbe wa kamati ya msikiti mjini, lipelekeni suala la vyumba vya wasafiri kwenye kikao. Na wewe haji mwenye gesti, yupo binti nyuma ya kaunta yako. Muulize kama ameswali.

Allah (s.w.) ndiye mjuzi wa tunayoyadhihirisha na tunayoyaficha. Atughufirie.

Wabillahi tawfiq.